Barua Imelala Wapi? Maneno kwa Wenye Nyumba za Wageni wa Amu

Maneno haya niliyasema baada ya Isha mbele ya wenye nyumba za wageni, makarani na mawakala wa majahazi hapa Lamu, au Amu kama tunavyoiita wenyewe. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, ila vicheko nimeviacha huko huko ukumbini.

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalaam alaykum.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu mliopanda ngazi zile usiku huu wa joto kuja kumsikiliza fundi wa kompyuta, ahsanteni. Nimepewa nusu saa. Fundi akipewa nusu saa huchukua saa nzima, kwa hiyo mniwie radhi mapema.

Nianze na mzigo. Kila aliye hapa amewahi kuagiza kitu Mombasa: godoro, betri ya sola, katoni za vigae. Mzigo unapakiwa basi, unateremshwa Mokowe, unavushwa kwa boti, kisha unapanda punda hadi mlangoni pako. Siku usipofika, hakuna mwenye akili timamu anayeanza kwa kumpiga punda. Unapiga simu. Umetoka Mombasa? Umefika Mokowe? Umevuka? Ukishajua umelala wapi, kazi iliyobaki ni ndogo.

Lakini barua pepe ikigoma kutoka kwenye kompyuta, sote tunampiga punda. Tunazima ruta, tunawasha. Tunaifuta Outlook, ile programu ya barua pepe, tunaiweka upya. Tunabadilisha nenosiri mara tatu hadi wenyewe hatulikumbuki. Ndipo anaitwa fundi, naye anakuta mambo manne yameharibika pale palipokuwa na moja.

Mimi nina hoja moja tu usiku huu: kabla hujagusa kitu, jua aliyekukatalia ni nani. Ni mashine yako? Ni njia? Ni seva, yaani kompyuta, ya kampuni inayozipeleka barua zako? Au ni seva ya yule unayemwandikia? Hao ni wanne, na kila mmoja ana namna yake ya kukataa.

Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni haya: “Fundi, barua zinaingia, ila hazitoki. Basi mtandao si upo?” Ndiyo, mtandao upo. Ila kuingia na kutoka ni milango miwili, tena mara nyingi ya nyumba mbili tofauti. Programu kama Outlook au Thunderbird inapochukua barua zako hutumia njia inayoitwa IMAP, au ile ya zamani, POP. Inapotuma hutumia SMTP. Seva yake ina jina lake, namba yake ya mlango (port), na mipangilio yake ya usalama. Thunderbird, kwa mfano, huziweka seva za kutuma katika orodha ya peke yake, mbali na akaunti zenyewe. Nimekuta mtu ana akaunti tatu, na zote tatu zinatumia seva ya kutuma ya akaunti aliyoifunga zamani. Kupokea anapokea vizuri kabisa. Kutuma, anabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mlango uliofungwa ni mmoja au yote miwili? Yote miwili ikifungwa, tazama mashine yako au njia. Ukifungwa wa kutoka peke yake, tazama seva ya kutuma na mipangilio yake. Na barua zote zikitoka isipokuwa moja, basi waachie amani ruta na Outlook, ugonjwa umo ndani ya barua hiyo.

Sasa hodi yenyewe. Hapa mniruhusu nikae kidogo, maana jambo hili nalipenda. Sisi watu wa Amu tunajisifu kwa salamu. Mtu haingii nyumbani kwa watu akaanza na shida yake. Anasimama dakani, anapiga hodi, anajibiwa, wanaulizana hali, ndipo atoe neno. Jon Postel, aliyeandika kanuni ya SMTP mwaka 1982, sijui kama aliwahi kuonja kahawa ya Amu, lakini aliandika mambo hayo hayo. Programu yako ikifika, seva ndiyo inayotangulia kusema: 220, yaani nipo. Programu inajibu HELO, ambayo ni salamu ya Kiingereza iliyokatwa herufi moja, na siku hizi husema EHLO, kisha inajitaja jina. Seva inasema 250, karibu. Programu: barua inatoka kwa fulani. 250, sawa. Inakwenda kwa fulani. 250, sawa. Nataka kuitoa. 354, ilete. Barua inasomwa yote, na mwisho wake ni nukta moja iliyokaa peke yake kwenye mstari. 250, nimepokea. Wanaagana kwa 221.

Kwa nini nawachosha na namba? Kwa sababu lile dirisha la hitilafu mnalolifunga haraka kama mtu aliyeona nyoka, ndani yake mna namba hizo. Ni jibu la bawabu. Tarakimu ya kwanza pekee inatosha kukutuliza. Ikianza na 2, mambo yamekwenda. Ikianza na 4, umeambiwa rudi baadaye: seva ina shughuli, au haikujui vizuri inataka kukujaribu. Ikianza na 5, umeambiwa hapana, na hata ukibonyeza kutuma mara mia jibu ni lile lile mpaka ubadilishe kitu.

Na kama hakuna namba ya tarakimu tatu kabisa? Hiyo nayo ni habari. Ina maana bawabu hakusema neno, pengine hujamfikia. Outlook hapo hutoa namba yake ndefu yenye sifuri na x. Ukiona 0x800CCC0D, programu haikuipata hiyo seva kwa jina uliloandika, mara nyingi kwa sababu jina limekosewa herufi. Ukiona 0x800CCC0E, jina imelijua lakini haikuweza kuunganishwa. Ukiona 0x800CCC0F, mazungumzo yalianza yakakatika njiani. Msizihifadhi kichwani. Chukueni simu, pigeni picha ya dirisha zima kabla ya kulifunga. Fundi akiletewa picha hiyo hushukuru kama aliyeletewa halua.

Nitawapa kisa. Iko nyumba moja ya wageni, jina lake nalisitiri, ambayo hufungwa kila mwaka mvua za masika zikianza. Kompyuta ya ofisini inazimwa, umeme unachomolewa ukutani, watu wanakwenda zao. Julai wanarudi, wanawasha, na Outlook inasema cheti cha seva hakiaminiki. Hakuna kinachoingia, hakuna kinachotoka. Walimwita mtu akabadilisha ruta. Wakamwita mwingine akaifuta Outlook na kuirudisha, na barua za miaka miwili zilizokuwa zimehifadhiwa ndani ya mashine ile tu zikaenda na maji. Mimi nilikuwa wa tatu. Nilitazama pembeni chini ya kioo: tarehe ilikuwa ya miaka kumi na kitu nyuma.

Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya duara, CR2032, ambayo hulinda saa wakati umeme haupo. Ilikufa. Na cheti cha seva, yaani kitambulisho chake, kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kama pasipoti. Mashine inayodhani tumo miaka kumi nyuma inaona cheti hicho hakijazaliwa bado, hivyo inakikataa, na ina haki. Nilirekebisha tarehe, barua zikamwagika. Betri nikabadilisha kesho yake. Waama, karani aliniambia kuwa hata tovuti ya benki ilikuwa ikikataa kufunguka tangu asubuhi ile, lakini hakuona kuwa mambo hayo ni mamoja. Nami simlaumu. Nawalaumu mafundi wawili walionitangulia, maana milango yote miwili ilikuwa imefungwa na kivinjari nacho kinalia. Mgonjwa alikuwa mashine, na mashine haikuangaliwa.

Sasa nenosiri. Mzee mmoja, ami yangu kwa heshima, alinipigia simu amekasirika. Kila akituma, dirisha dogo linaomba nenosiri. Analiandika, linarudi. Nikamwuliza, “Ami, umebadilisha kitu?” Akasema, “Nimebadilisha nenosiri mara nne, mwanangu, na bado halitaki.” Namba ilikuwa 535, yaani seva imekusikia lakini haikukubali kuwa wewe ndiwe.

Kumbe nenosiri lake la kwanza lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichobadilika ni sheria ya mlango. Tarehe 30 Mei 2022 Google ilizuia akaunti za kawaida za Gmail kuingiwa na programu zinazotumia jina na nenosiri peke yake. Programu mpya huingia kwa njia nyingine: inakufungulia ukurasa wa Google wenyewe, unaingia huko, unatoa idhini, na programu hailijui nenosiri lako hata siku moja. Programu ya zamani isiyojua njia hiyo inahitaji nenosiri la programu, la herufi 16, ambalo Google hukupa baada ya kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Microsoft nayo ilifuata kwa akaunti za Outlook.com, Hotmail na Live tarehe 16 Septemba 2024, na yenyewe ni kali zaidi: huko lazima programu ijue njia mpya. Kwa hiyo wenye Outlook ya 2010 na akaunti ya Hotmail, msinitafute. Programu hiyo imezeeka. Thunderbird haina malipo na njia mpya inaijua.

Namna ya kupima ni nyepesi. Fungua kivinjari, ingia kwenye barua yako kwa nenosiri lile lile. Ukiingia, nenosiri ni zima, acha kulibadilisha! Tatizo ni namna programu inavyojitambulisha. Kipimo cha pili, cha njia: washa hotspoti ya simu, unganisha kompyuta hapo, jaribu tena. Barua ikitoka, mashine ni nzima na seva ni nzima, mwenye kasoro ni mtandao uliokuwa ukiutumia. Vipimo viwili, dakika tano, na hujaharibu kitu. Kama ningekuwa na uwezo ningevibandika kwenye kila ukuta wa ofisi kutoka Mkomani hadi Langoni.

Kuhusu mtandao kuzuia: ile namba ya mlango ya zamani, 25, makampuni mengi ya intaneti yameifunga kwa wateja wa kawaida, na yana sababu. Kanuni ya 1982 haikuwa na kuulizana wewe ni nani. Wakati ule waliokuwa mtandaoni walikuwa wachache, na seva yoyote ilikuwa tayari kumchukulia yeyote barua yake, kama nahodha anayepewa bahasha na mtu asiyemjua, akaifikisha kwa hisani. Wenye barua taka wakaigundua hisani hiyo, wakaipanda mgongoni. Uthibitishaji uliongezwa kwenye SMTP mwaka 1999, na seva zikaacha kubeba barua za wasiojitambulisha. Ndiyo maana mkisahau kuweka tiki kwenye ile sehemu inayosema seva ya kutuma inahitaji uthibitishaji, mnajibiwa 530 au 550, na neno la kukataa kupitisha. Si ubaya. Nahodha amekuwa mjanja.

Namba za kutumia leo ni 587 au 465. Tofauti yake: kwenye 587 mazungumzo huanza wazi kisha wakakubaliana kujifunika kwa usimbaji fiche, na huo unaitwa STARTTLS. Kwenye 465 wamejifunika tangu neno la kwanza. Ukiweka namba ya moja na usalama wa nyingine, huyu anasubiri salamu ya wazi na yule anaongea kwa fumbo, wanakaa wakitazamana mpaka muda unakwisha. Kosa hili nalikuta kila wiki. Na ukishaweka sawa bado mambo yakagoma, itazame programu ya kuzuia virusi, maana baadhi hupenda kusimama katikati na kuzipekua barua. Zima upekuzi wa barua kwa dakika chache, jaribu, kisha iwashe.

Turudi kwenye punda. Mnaijua Usita wa Mui saa nne asubuhi: punda mmoja mwenye mawe ya kujengea akigoma kichochoroni, nyuma yake wanasimama kumi. Kisanduku cha barua zinazosubiri kutoka kinaweza kufanya vivyo hivyo. Dada mmoja wa Shela alimtumia mgeni wa Ujerumani picha za vyumba, nne, kila moja MB 8. Hizo ni 32. Lakini SMTP iliundwa kubeba maandishi, kwa hiyo picha hugeuzwa kuwa herufi kwanza, na kugeuzwa huko huongeza uzito kwa karibu theluthi. MB 32 zikawa zaidi ya 42. Kikomo cha Gmail ni 25. Kwa hesabu hiyo, salama yako ni kama MB 18 za faili. Seva ingemjibu 552, barua ni kubwa, lakini yeye hata hakufika kwenye jibu hilo. Intaneti ilikuwa ya pole pole, Outlook kwa kawaida humsubiri seva dakika moja tu akinyamaza, ikakata, ikaanza upya, ikakata. Nyuma yake barua kumi na moja za wageni wengine zimesimama. Aligundua siku ya tisa, mgeni mmoja alipopiga simu kuuliza kama nyumba imefungwa.

Dawa: chagua kwanza kufanya kazi nje ya mtandao, ili programu iiache ile barua. Kisha fungua kisanduku kile, iondoe, rudi mtandaoni. Picha zipunguze ukubwa, au ziweke kwenye hifadhi ya mtandaoni utume kiungo. Mgeni anayechagua chumba hahitaji kuhesabu nyuzi za chandarua.

Yale madogo nayapitia mbio. Anwani iliyoandikwa gmail.con. Nafasi iliyojificha mwishoni mwa anwani uliyoinakili kutoka WhatsApp. Outlook inataka nukta-mkato kati ya anwani na anwani, ukiweka mkato wa kawaida inaweza kukataa. Na wenye kutuma salamu za Idi kwa wateja wote kwa mpigo: akaunti ya bure ya Gmail ina kikomo cha wapokeaji kwa siku, ukikivuka unafungiwa hadi kesho. Wateja wenyewe, baina yetu, salamu hizo hawazisomi.

Limebaki moja ambalo watu hulikosea hadi linaniuma. Unatuma, barua inatoka vizuri, baada ya dakika mbili inarudi barua kwa Kiingereza kirefu kutoka kwa anayejiita MAILER-DAEMON, ambaye si mtu bali ni seva. Watu wengi hapo wanaanza kuitibua Outlook. Jamani! Barua hiyo ni ushahidi kwamba Outlook imefanya kazi yake. Mzigo umetoka Mombasa, umevuka, umekataliwa mlangoni kwa mwenyewe. Ndani ya Kiingereza hicho tafuta namba. 550 mara nyingi ni kwamba mtu huyo hayupo hapo, umekosea jina lake. 552 huenda sanduku lake limejaa. Na ikitaja SPF au DKIM, yaani ukaguzi wa kama mtumaji ni mwenye jina kweli, shida ni ya jina lako mwenyewe. Wenye nyumba za wageni mnaotumia anwani yenye jina la nyumba yenu, sikilizeni hapa: jina hilo lina rekodi mtandaoni zinazotaja ni seva zipi zimeruhusiwa kutuma kwa niaba yake. Ukituma kwa anwani ya nyumba yako kupitia seva ya Gmail yako binafsi, anayepokea anaona mgeni amevaa kanzu yako. Tangu Februari 2024 Gmail imekaza sana katika hili. Ukarabati wake hauko kwenye kompyuta yako, uko kwa aliyekuuzia jina na tovuti. Mpelekee barua ile iliyorudi, nzima, usimkatie kipande.

Ikiwa inasema imechelewa tu na bado inajaribiwa, namba ikianza na 4, usitume tena. Seva huendelea kujaribu yenyewe, kwa kawaida kwa siku nne au tano. Ukituma mara sita, mgeni atapata bei ya chumba mara sita, na mara ya tatu atadhani una shida ya pesa.

Naona mwenyekiti anatazama saa, na kahawa imeshafika mlangoni, harufu yake inanikatiza. Niliwaomba waliokuja na laptopu wasizizime. Mama yangu pale mstari wa mbele, wewe uliyeniambia kabla ya kuanza kwamba yako haitumi tangu Ijumaa, ilete hapa mezani tuiunganishe na projekta. Bonyeza kutuma. Na dirisha likitokea, tafadhali, mama, mkono mbali na kile kisanduku cha kufungia. Tusome sote.